Radhi kwa Anayehama

Wahenga wetu wametuachia maneno mawili yasiyoweza kukaa nyumba moja bila ya kugombana. La kwanza ni hili: mwacha asili ni mtumwa. La pili: tembea uone. Mtu anayetaka kubaki hulishika la kwanza akampigia nalo jirani yake anayefunga mizigo, naye anayefunga mizigo hulitoa la pili akajikinga nalo. Methali, basi, hazimwamulii mtu. Humpa kila mmoja fimbo yake, kisha zikakaa pembeni kutazama. Ndiyo sababu swali la kuhama, ambalo katika mwambao wetu ni la kale kuliko magofu ya Tongoni, kila kizazi hulazimika kulipima upya: je, ni halali kwa mtu mzima mwenye watoto kuing'oa jamaa yake mahali ilipozaliwa, asifukuzwe na njaa wala vita, bali avutwe na tamaa ya maisha yaliyo mazuri zaidi?

Silitaji swali hili kwa ajili ya kunoa akili tu. Binti yangu ni muuguzi. Amepata kazi katika mji wa Sheffield, Uingereza, mji uliojengwa juu ya vilima, na yeye na mumewe wamekwisha kutazama picha za nyumba ya kupanga katika mtaa wa mlimani wenye miti mikubwa kila upande wa barabara. Wana watoto wawili, mmoja wa miaka saba na mwingine wa minne. Hawakutaka nauli kwangu, maana wanayo. Wala hawakutaka shauri, maana walikwisha kushauriana. Wanataka radhi zangu. Msomaji wa pwani hana haja ya kuelezwa uzito wa neno hilo. Twasema radhi ni bora kuliko mali, na mwana aliyeondoka bila ya radhi ya wazee wake twamhesabu kuwa amepanda chombo kilichotoboka, hata kama tundu lenyewe halionekani kwa macho. Nimepewa, basi, kazi ya kupima, na apimaye hana budi kushika mizani ya haki.

Hesabu yao wameipanga vizuri. Katika kitanga kimoja wameweka mshahara, shule, hospitali, maji yasiyokatika, hewa ya baridi na kivuli cha miti hiyo. Katika kitanga cha pili wameweka nyumba yetu ya Ngamiani, bahari, sauti ya adhana, harusi na maziko ya jamaa, na makaburi ya wazee. Nimeipitia hesabu hiyo nikaona haina uongo ndani yake. Ila ina upungufu mmoja: kila kilichotiwa humo ni mali ya mwenye kupima. Ni faida yake na ni hasara yake. Wale wasioulizwa hawamo. Nami naona kwamba uadilifu wa safari ya jamaa nzima hupimwa hasa kwa deni linaloandikwa kwa majina ya wasioulizwa, na kwa namna mwenye kuondoka anavyolikabili deni hilo. Lakini kabla ya kuwafikia hao yapo mambo mawili ya kuondoa njiani.

La kwanza ni hilo la asili. Tanga haiwezi kumhukumu mtu kwa kuhama, kwa kuwa Tanga yenyewe ni mji wa waliohama. Reli iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, ilifungua njia ya watu wa kila kabila. Mkonge uliotulisha kwa miongo mingi si mmea wetu. Mwaka huohuo wa 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ikapitia Hamburg, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, upande wa Pangani, na kutokana na hiyo 62 yakazaliwa mashamba yaliyoifunika nchi kutoka pwani hadi Korogwe na mbele yake. Nyuma ya mkonge wakaja watu wa kuukata, manamba, kutoka Kigoma, kutoka Rwanda na Burundi, kutoka Msumbiji. Wajukuu wao leo ni Watanga, na hakuna awaulizaye kwao ni wapi. Hata Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na kuipa Tanga jina lake kubwa katika fasihi, kwa nasaba alihesabiwa Myao, naye mwenyewe akajihesabu Mswahili. Kama kila aliyetoka kwao ni mtumwa, basi sote hapa ni wana wa watumwa, na methali imekuwa butu. Nadhani wahenga walimkusudia mtu mwingine: yule anayeikana asili yake akiulizwa, wala si yule anayeiaga huku machozi yakimlenga.

Jambo la pili ni tamaa yenyewe ya mlima wenye miti. Mtu anaweza kuuliza: yanini mtu wa Tanga atamani mlima wa ng'ambo, ilhali akipanda basi asubuhi atakuwa Lushoto au Amani kabla ya jua kutua? Baridi ipo, ukungu upo, na miti ya Amani wataalamu wa dunia nzima huja kuitazama. Wajerumani waliotutawala waliijua siri hiyo. Joto la pwani lilipowashinda walipanda Lushoto, wakaiita Wilhelmstal, na Amani wakaanzisha chuo chao cha utafiti wa mimea mwaka 1902. Lakini aliyekwenda Lushoto kwa ajili ya hewa alikuwa ni mwenye uwezo wa kuchagua. Msambaa anayelima mteremko kwa jembe haiiti sehemu hiyo mandhari. Huiita shamba, na mvua ikizidi huona udongo wake ukiteremka. Binti yangu naye hatafuti majani. Anatafuta utaratibu unaoyatunza majani: taka zinazosombwa kwa siku yake, bomba linalotoa maji, wadi yenye dawa na vifaa vya kufanyia kazi. Tamaa hiyo si anasa wala si ulimbukeni. Ni haki ya kila mtu, na aibu yake si ya anayeitamani.

Hata hivyo, utaratibu huo haukuota wenyewe kama magugu, wala haujikingi wenyewe. Katika mji huohuo wa Sheffield, baina ya miaka ya 2014 na 2018, wakazi waligombana na halmashauri ya jiji lao kwa sababu ya miti ya barabarani. Halmashauri ilikuwa na mkataba mrefu wa kutengeneza barabara, na chini ya mkataba huo maelfu ya miti ilikatwa, mingi yake ikiwa mizima. Alfajiri moja ya Novemba 2016, kabla ya kupambazuka, wakataji walifika katika barabara iitwayo Rustlings Road, na watu wakaamshwa waondoe magari yao. Baadhi ya waliosimama kuikinga miti walikamatwa na polisi, wakiwemo wanawake waliofikia umri wa miaka 70. Mwisho wake ukafanywa uchunguzi huru, ripoti ikatolewa mwaka 2023, na halmashauri ikawaomba radhi wakazi wake.

Nimekitafakari kisa hiki mara nyingi. Kivuli anachokiona binti yangu katika picha kina wenyewe, na miongoni mwao wamo waliokamatwa kwa ajili yake. Anayehamia mtaa kama huo anarithi kivuli, na ni wajibu arithi na ulinzi wake. Lakini mgeni mwenye kibali cha kazi, ambaye kukaa kwake nchini kunategemea barua ya mwajiri, atathubutu kusimama chini ya mti akiwa na polisi mbele yake? Kwa miaka mingi hatathubutu. Atakaa mahali pazuri kwa adabu ya mgeni, akisema ahsante. Na mtu hajawa mwenyeji hata siku atakapoweza kugombana na halmashauri bila ya kuhofia kurudishwa kwao. Hii nayo ni bei, na katika hesabu yao haikuandikwa.

Sasa niwafikie wasioulizwa, na wa kwanza ni watoto.

Milima ya Usambara ilikwisha kumpeleka Ulaya mhamiaji mmoja kabla yetu. Mwaka 1892 ofisa wa utawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona huku ua dogo la zambarau linaloota katika vivuli vya mawe, akampelekea baba yake Ujerumani. Leo ua hilo, ambalo wataalamu walilipa jina la Saintpaulia, hupatikana katika madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani kwa idadi isiyohesabika, ilhali katika misitu yake ya asili baadhi ya aina zake zimo hatarini kutoweka. Ukilitazama dirishani huwezi kusema limedhurika. Limenawiri, lina rangi nyingi kuliko ndugu zake wa msituni. Ila haliwezi kutoka nje, kwa kuwa baridi ya huko ingeliua kwa usiku mmoja. Mkonge ulikuja kwetu ukapewa ardhi, ua letu lilikwenda kwao likapewa chungu. Nikiwawaza wajukuu wangu hujiuliza swali hilihili: watapata ardhi au watapata chungu?

Ardhi ya mtoto ni lugha na watu wa kusema nao. Katika jambo hili Tanga inao ushahidi mzito. Katika karne ya 19, njaa kubwa ilipoikumba nchi ya Uzigua, watu wengi walichukuliwa kwa majahazi, wengine kwa hila na wengine kwa nguvu, wakafikishwa utumwani Somalia. Waliotoroka walijikusanya katika bonde la mto Juba wakafanya vijiji vyao. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991, vizazi vingi baadaye, wajukuu wa watu hao walikimbilia kambi za Kenya, na wengine wakarudi Handeni, katika makazi ya Chogo, ambako Tanzania iliwapa wengi wao uraia. Waliporudi, wenyeji walisikizana nao, maana Kizigua kilikuwa bado kinywani mwao. Hawakuwa na kitabu wala shule ya lugha hiyo. Kilichokihifadhi ni kwamba walikaa pamoja: mtoto aliposema neno, alikuwepo wa kumjibu kwa lugha ileile.

Ndugu zao wengine walikubaliwa na Marekani. Mwaka 1999 nchi hiyo ilikubali kupokea watu wapatao 12,000 wa jamii hizo za Wabantu wa Somalia, na tangu mwaka 2003 wakaanza kutawanywa katika miji mingi. Baadhi yao wamo Vermont, jimbo ambalo jina lake lina maana ya mlima wa kijani. Huko wamepata amani, shule na uraia, na aliyetoka vitani akaviona hivyo hana la kumlaumu Mola wake. Lakini lugha iliyovuka karne nzima kando ya Juba sasa imo katika vyumba vya ghorofani, kila nyumba na majirani wake wageni, na mtoto huiacha mlangoni anapokwenda shule. Utumwa haukuiua, mtawanyiko wenye starehe ndio unaoweza kuiua.

Ushahidi wa pili uko Oman. Waliohamia huko kutoka Unguja na Pemba baada ya Mapinduzi ya 1964, na wale walioitikia mwito wa Sultan Qaboos baada ya kushika utawala mwaka 1970, walikwenda na Kiswahili chao, na hadi leo mtu anaweza kukisikia Muscat madukani na maofisini. Kilibaki kwa sababu walikuwa wengi na waliolewana, na kwa sababu bibi alibaki jikoni akiamrisha kwa lugha yake. Pale bibi anapoondoka duniani, mjukuu husikia Kiswahili akajibu kwa Kiarabu. Kwa ushahidi huo wa aina mbili nasema: nia njema ya wazazi haitoshi. Wazazi wawili wanaofanya kazi kwa zamu, katika mtaa usio na Mswahili mwingine, hawawezi kuwa kijiji cha kutosha kwa watoto wawili, wapende wasipende.

Nitajibiwa kwamba yuko Abdulrazak Gurnah. Aliondoka Unguja akiwa kijana katika miaka ya 1960, akaishi Uingereza, akaandika kwa Kiingereza, na mwaka 2021 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi kwa vitabu vilivyojaa mwambao wetu. Ni kweli, na tumefurahi. Ila mfasiri kama mimi hawezi kuacha kuyaona mambo mawili. Kwanza, alipoondoka alikuwa amekwisha kukua, na pwani yake ilikuwa imekamilika ndani yake. Hakuondoka na miaka minne. Pili, riwaya yake iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 haikutufikia kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi, hadi mwaka 2022, kwa kazi ya mfasiri Ida Hadjivayanis. Miaka 28 kitabu kilikuwa njiani kurudi nyumbani. Kitabu kinaweza kungoja. Je, mjukuu atakayetaka kuzungumza na mama wa bibi yake atangoja miaka mingapi, na atamtafuta mfasiri gani?

Huyo mama ndiye wa pili katika wasioulizwa. Mama yangu mzazi amepindukia miaka themanini, na binti yangu ndiye anayempima presha na kumpa dawa zake. Sheria ya uhamiaji ya Uingereza huhesabu kuwa jamaa ya mfanyakazi ni mwenzi wake na watoto wasiofika miaka 18. Mlango wa mzee umebanwa mno tangu Julai 2012: sharti ithibitike kwamba anahitaji kuuguzwa kila siku, na kwamba uuguzi huo haupatikani kwao hata kwa fedha. Kwa hiyo binti yangu atawauguza wazee wa watu, na bibi yake atauguzwa na yeyote tutakayemwajiri kwa fedha zitakazotoka huko. Simlaumu; fedha hizo zitanunua dawa ambazo mshahara wa hapa hauzinunui. Nasema tu kwamba karatasi ya serikali imekata neno "jamaa" kwa makasi yake, na sisi tumeipokea nguo hiyo fupi bila ya kunung'unika.

Wa tatu ni mgonjwa asiye na jina, atakayelala wadini Tanga usiku ambao muuguzi mmoja amepungua. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliorodhesha nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, Tanzania ikiwemo, na kuzisihi nchi tajiri zisiende kuchota wauguzi kwao. Muuguzi mwenyewe kuomba kazi hakukatazwa. Je, huo ni usaliti? Siwezi kumbebesha mwanamke mmoja deni la nchi nzima, ilhali wapo vijana waliohitimu uuguzi wakakaa nyumbani bila ya ajira. Lakini deni halifutiki kwa kuwa wadaiwa ni wengi.

Msomaji atadhani nimekwisha kukataa. Sijakataa, maana liko upande wa pili jambo ambalo wapenzi wa kubaki hulisahau. Kubaki nako ni kuamua, na watoto hawakuulizwa hilo pia. Mtoto anayebaki Tanga hupewa lugha, bahari na babu, na hupewa pia darasa lililojaa pomoni na kazi isiyopatikana. Nikisema wabaki ili wajukuu wangu wasikipoteze Kiswahili, nitakuwa nimewafanya walinzi wa ghala langu. Mashairi yangu hayana haki ya kulipiwa na maisha ya watoto. Lugha inayobaki kwa sababu wasemaji wake wamenyimwa njia ya kutoka haijapendwa, imefungwa.

Tusemeje basi? Lugha yetu, katika hekima yake, imeyaweka mambo mawili katika neno moja. Anayeomba radhi huomba baraka, na anayeomba radhi huomba msamaha. Zamani nilidhani ni bahati tu ya maneno. Sasa naona kwamba kila anayeihamisha jamaa yake anahitaji yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa hakuna safari ya jamaa isiyomwacha mtu na dai. Anayehama akidhani hana deni atakuwa mjeuri. Akidhani deni lake halilipiki atakuwa mnyonge katika nchi ya watu, na watoto wake watarithi unyonge huo. Njia ya haki ni ya katikati: aondoke akijua anamdai nani na anadaiwa na nani, na majina yao ayajue.

Radhi zangu, kwa hiyo, nimezitoa, na sikuzitia sharti, maana radhi yenye sharti ni mkataba. Ila nimemwambia binti yangu kwamba mimi si wa pekee wa kuombwa. Amwendee bibi yake, akae chini, amwambie kwa kinywa chake, asimwachie mzee ahisi safari kutokana na masanduku. Na mwaka utakapofika ambapo wanawe watamuuliza, kwa Kiingereza, kwa nini walitolewa kando ya bahari, asiwajibu kwa orodha ya mema waliyopewa. Awaombe radhi kwanza, orodha ifuate. Nami nimemwahidi kwamba wajukuu hao wakiniuliza kwa nini sikumzuia mama yao, nitawaomba radhi vilevile.